Nani Kasema Useremala ni Kazi ya Miguu?

Fundi mwenzangu mmoja wa Keko, mtaa wetu wa maseremala hapa Dar es Salaam, mtu mzima ninayemheshimu na aliyenizidi kwa mbali kwenye viungo vya mbao, alifika nyumbani kwa shemeji yangu Mbagala akaikuta meza ya kazi tuliyomtengenezea. Akaizunguka, akaigonga kwa kidole, akasifu ubao. Kisha akaniita pembeni, akaniambia kwa huruma kabisa kwamba nampa kijana matumaini ya bure, kwa kuwa useremala unaanzia miguuni. Mtu wa kiti mwendo, akasema, atafutiwe cherehani au kibanda cha miamala ya simu.

Nilinyamaza kwa heshima ya umri wake. Jibu langu ni hili.

Shemeji alikuwa seremala kabla ya ajali ya bodaboda. Aliumia uti wa mgongo, na kuanzia kiunoni kwenda chini hahisi kitu. Mikono ni ile ile, na macho ni yale yale yanayouona ubao uliopinda kabla hujauwekea kipimo. Tangu atoke hospitali, kila mgeni amekuja na wazo la kazi mpya, wala hakuna aliyemuuliza ile ya zamani anaitakaje. Cherehani ni kazi njema, mama yangu alitulea nayo. Ila mtu hachaguliwi ufundi kwa kuangaliwa amekalia nini.

Sasa hiyo hoja ya miguu. Shingo upande, nakubali kuna ukweli ndani yake. Ukipiga randa ubao mrefu wa mninga, kinachosukuma ni kiuno na nyayo. Mikono inaongoza tu. Aliyekaa akisukuma, kiti kinarudi nyuma. Breki za viti vingi zinabana tairi kwa juu tu, na tairi ikipungua upepo hazishiki. Lakini tuambiane ukweli sisi wa Keko: ni nani kati yetu leo anayepiga randa ubao mbichi wa futi kumi na mbili kwa mkono? Sote tunabeba kwenda kwenye mashine, tunalipa, tunarudi na ubao uliokwisha nyooka. Kinachobaki ni kuchora, kukata viungo, kuchonga kwa patasi, msasa na gundi. Hayo watu wameyafanya wamekaa tangu enzi. Nenda Mwenge uwaone wachongaji wa Kimakonde, wako chini na gogo la mpingo mbele yao. Mafundi wa Kijapani wa jadi wamefanya kazi sakafuni kwa karne nyingi, na misumeno yao na randa zao hukata kwa kuvuta, si kwa kusukuma. Shemeji kajifunza kuvuta. Akivuta, kiti kinasogea mbele, fremu yake inagota kwenye vibao viwili tulivyofunga pembeni mwa miguu ya meza, na nguvu yote inaishia kwenye ubao. Inapombidi asukume, anaweka mwenyewe kabari nyuma ya magurudumu makubwa.

Kwa hiyo tatizo halikuwa miguu yake. Tatizo lilikuwa meza, na hapa ndipo nataka mafundi wenzangu wanisikilize.

Kuna watu wa msaada waliwahi kumletea meza kabla yangu. Walichukua meza ya kawaida ya seremala, wakaikata miguu, wakapiga picha naye, wakaondoka. Meza ilikuwa fupi, ndiyo. Lakini ule ubao wa chini unaofunga miguu ya mbele uliachwa palepale, ukamgonga kwenye miundi. Ubao mpana chini ya ukingo nao ukamkaa juu ya mapaja. Ikambidi aikaribie kwa ubavu na kujipinda mgongo ule ule ulioumia. Watu wakaona hafanyi kazi, wakahitimisha kwamba hawezi! Hicho ndicho kinachonikera kuliko yote: meza imekosewa vipimo, lawama anabebeshwa mtu.

Meza ya mtu aliyekaa haianzii juu, inaanzia chini. Mkalishe kwenye kiti chake mwenyewe, na mto wake mwenyewe, maana mto peke yake unaweza kumwinua sentimita kadhaa. Pima kutoka sakafuni hadi juu ya paja, kisha hadi kwenye kiwiko kilichokunjwa. Meza yote inatakiwa ikae kati ya vipimo hivyo viwili, na nafasi yenyewe ni finyu kuliko unavyodhani. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010 vya majengo yanayofikika kwa watu wenye ulemavu vinataka uwazi wa magoti usiopungua sentimita 68.5 kwenda juu na 76 kwa upana, na uso wa meza uwe kati ya sentimita 71 na 86. Ni pa kuanzia tu, maana viti havifanani. Vile vyenye fremu ndefu vya barabara mbovu vinatanguliza chuma mbele ya magoti.

Angalia basi mtego wake. Sisi tumezoea uso mnene, sentimita nane hata kumi, ili meza isiruke unapogonga patasi. Ukiuweka unene huo juu ya uwazi wa sentimita 69, uso unafika karibu 80, na bega la mtu aliyekaa linapanda siku nzima. Tulichofanya ni kuuacha uso mnene pande mbili, juu ya miguu, ambako ndiko anakogongea. Katikati, yanapoingia magoti, ni ubao wa mkongo wa sentimita nne, na kwa nyuma tumeukaza kwa chuma cha pembe. Mbele hakuna ubao wa chini kabisa. Nguvu iliyopotea hapo tumeirudisha kwa kuifunga meza ukutani kwa bolti. Miguu ni paini ya Mafinga, inatosha. Haitikisiki.

Halafu kuna jambo ambalo fundi anayehisi miguu yake hawezi kuliwaza mpaka aambiwe. Shemeji akichomwa na ncha ya skrubu iliyotokeza chini ya meza, hajui. Kibanzi kikimwingia pajani, hajui, mpaka jioni aone damu kwenye suruali. Kidonda kidogo kwa mtu asiyehisi kinaweza kumlaza kitandani miezi. Ndiyo maana meza hii imepigwa msasa chini kwa bidii kuliko juu, skrubu zote ni fupi kuliko unene wa ubao, na kile chuma tumekivika kipande cha mpira. Ukingo wa mbele una ukanda mwembamba unaochomoka, ili patasi isibiringike ikamwangukia mapajani. Bado anavaa aproni ya ngozi. Jiliwa, yaani kibanio cha kushikia ubao, liko pembeni kushoto, mpini wake mbali na magoti.

Kina cha meza ni sentimita 55. Usimpe meza pana, hatafika ng'ambo. Vifaa vimetundikwa kwenye kuta za pembeni, anavifikia bila kunyanyuka. Sakafu ni ya saruji laini na inafagiliwa mara kwa mara, maana maranda yanajisokota kwenye magurudumu madogo ya mbele mpaka yanakwama. Barakoa ni lazima. Aliyekaa pua yake iko karibu na vumbi kuliko sisi.

Gharama? Haikuzidi ya kitanda cha kawaida cha wateja wetu. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ni vizuri. Lakini kumwajiri mtu kwenye karakana ambayo hakuna meza anayoweza kuingiza magoti ni kumweka mlangoni.

Tunachobishana sasa mimi na shemeji ni mashine ya kupasulia mbao. Anataka tuishushe ifike usawa wake. Mimi sitaki, kwa sababu mbao ikirushwa na msumeno inarudi kwa kasi upande wa anayeisukuma, na mtu aliyekaa uso na kifua chake viko karibu zaidi na njia hiyo, wala hawezi kuruka pembeni. Yeye anasema atakaa nje ya mstari wa msumeno, aweke kisu cha kutenganisha nyuma ya meno ili ubao usiubane msumeno, na asukume kwa fimbo ndefu. Anasema mimi mwenyewe nasimama palepale kila siku na sikuwahi kuruka popote. Tumekubaliana tuchore kwanza, kwa vipimo vyake, kisha tuamue.