Mpiga Picha Akifundisha kwa Ajili ya Maafa, Nongwa ya Nini?

Jamaa yangu ana studio ndogo ya picha Kirumba, hapa Mwanza. Mto Mirongo ulipofurika ukaingia kwenye nyumba za watu Mabatini, alitangaza kwamba atawanoa wapiga picha wachanga, mmoja mmoja, saa mbili kila mtu, na ada yote iende kwa waliosombewa magodoro na sufuria. Grupu likawaka. "Anatafuta kiki." "Mwenye nia njema hutoa kimya kimya." Na mmoja, mtu mzima na ndevu zake: "Kwani picha kuna cha kufundishwa? Si kubonyeza tu?"

Haya, mzee wa kubonyeza. Nenda soko la Mwaloni, kando ya ziwa, saa sita mchana, umpige mama muuza dagaa huku ziwa linameremeta nyuma yake. Kamera inaona mwanga wote ule, inadhani umezidi, inaupunguza. Unarudi na ziwa zuri ajabu na mama asiye na uso. Yalimkuta kijana mmoja pale pale mbele yangu, na alishaomba ruhusa vizuri, maana ndilo somo la kwanza. Mwalimu, ndiye huyo jamaa yangu, hakumpokonya kamera. Alimwambia aongeze mwanga, asijali ziwa likiungua, yaani likitoka jeupe tupu, kisha amwombe mama asogee kwenye kivuli cha mtumbwi. Mama akataka kuziona zote. "Hii ndiyo mimi," akasema, ile ya kwanza akaagiza ifutwe.

Sasa hicho ndicho alichonacho jamaa yangu. Hela hana! Mpiga picha wa Mwanza anakula kwa msimu: harusi, kipaimara, mahafali. Kwaresima ikiingia, ndoa za Wakatoliki zinasimama na yeye anabaki na picha za pasipoti. Ukimdai laki moja ya mchango atakuangalia tu. Ujuzi wa saa mbili anao hata Kwaresima.

Tena hela yenyewe haigusi mkono wake. Mwanafunzi anatuma moja kwa moja kwenye namba ya kamati ya mtaa, anaonyesha meseji ya muamala, ndipo kamera inatolewa kwenye begi. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya kupenda utaratibu huo. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, kuna maofisa walipoteza vyeo kwa kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Kimya kimya, kama mnavyopenda.

Nakubali, shingo upande, kwamba wapo wanaogeuza msiba kuwa bango la biashara. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara mwaka 2018 tulirushiwa picha za miili kwenye simu kabla ndugu hawajapewa taarifa. Hao wasemeni mpaka sauti ikauke, nitawasaidia.

Ugomvi wangu na jamaa ni bei. Elfu ishirini kwa saa mbili! Nimemwambia aweke hamsini, anasema vijana watakimbia. Mwenye kamera ya milioni mbili shingoni hashindwi hamsini. Anayekuja na simu, huyo abaki na elfu ishirini yake.