Kwa Nini Bado Nawatetea Waliokwisha Kuhukumiwa

Kwa miaka mingi wakili wa mshtakiwa wa mauaji hapa Kenya alikuwa na kazi moja: kuzuia mteja wake asipatikane na hatia. Hatia ikishathibitika, yaliyofuata yalikuwa desturi tu. Mtu aliulizwa kama ana la kusema, akasema, maneno yake yakaandikwa, kisha akasomewa hukumu ile ile aliyosomewa wa jana na wa juzi: kunyongwa. Kifungu cha 204 cha sheria ya makosa ya jinai hakikumwachia jaji nafasi ya kuchagua. Na kwa kuwa hakuna aliyenyongwa nchini tangu 1987, waliohukumiwa walibaki wakisubiri kisichokuja. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia maelfu yao adhabu ikawa kifungo cha maisha, wote kwa mkupuo, bila yeyote kuulizwa habari zake.

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu na mwenzake. Haikufuta adhabu ya kifo. Ilisema kumlazimisha jaji aitoe ni kuvunja Katiba, ikataja mambo ya kupimwa kwanza: umri wa mtu, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, tabia yake, kama alitenda kwa sababu ya ukatili wa kijinsia, majuto yake, uwezekano wa kubadilika na kurudi kwa watu. Uamuzi huo uliwafungulia waliokwisha kuhukumiwa kwa mauaji mlango wa kurudi mahakamani adhabu yao ipangwe upya. Kenya hatuna bodi za parole, yaani za kuamua nani aachiliwe mapema kwa masharti, kama zile ambazo Tanzania ilizitungia sheria mwaka 1994, kwa hiyo kwa wafungwa wengi wa mauaji kusikilizwa upya ndiyo ikawa mara ya kwanza mtu kuwatazama baada ya hukumu.

Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii. Chuoni tulifundishwa kubomoa ushahidi, na mahakamani nimeufanyia kazi ujuzi huo. Lakini kesi ya kupanga adhabu upya haibomoi kitu. Unakwenda gerezani, unakaa na mtu, unamuuliza nani alikulea, ulisoma hadi wapi, ulikuwa ukila nini siku zile. Wengine hunyamaza kwanza, kwa sababu tangu wakamatwe maswali yote waliyoulizwa yalihusu usiku mmoja tu. Kisha hutoa vyeti vyao: mtihani wa useremala, wa ushonaji, cheti cha kidato cha nne kilichopatikana ndani ya kuta. Wapo hata waliosomea sheria katika gereza la Kamiti kwa njia ya masafa kupitia Chuo Kikuu cha London. Nimepokea maombi yaliyoandikwa kwa mkono na mfungwa kumwandikia mwenzake, nikayawasilisha kama yalivyo, kwa sababu yalikuwa mazuri.

Upande wa pili afisa wa probesheni, anayeichunguzia mahakama habari za mfungwa, huenda kijijini. Huzungumza na chifu, na wazee, na familia ya mfungwa, na, lililo zito kuliko yote, na familia ya marehemu. Ripoti yake ndiyo huamua mengi. Zipo familia zinazosema zimesamehe. Zipo zinazosema mtu yule asirudi, na nisipokubaliana nazo bado naziheshimu, maana waliofiwa hawana deni la msamaha kwa mteja wangu.

Kuna mama mmoja sitamsahau. Alimwambia jaji kwamba hakuja kuomba mtu anyongwe wala aachiliwe, alitaka tu kusikia kutoka kinywa cha mteja wangu mwanawe alikufaje. Wakati wa kesi ya awali mshtakiwa alikaa kimya, kama ilivyo haki yake. Safari hii alisimama akaeleza yote, polepole, na hakuna aliyemkatiza. Hakutoka gerezani siku ile. Alipewa kifungo cha miaka inayohesabika, na bado ana mingi mbele yake. Mama alinishika mkono nje ya mahakama, akanishukuru, mimi wakili wa aliyemuua mwanawe. Sijui kazi nyingine ambayo ingenipa siku kama ile.

Zipo furaha ndogo pia, za hesabu tu. Kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinataka muda ambao mtu alikaa rumande uzingatiwe katika adhabu. Unapitia faili, unaona amekaa rumande miaka, na hukumu haikuutaja muda huo hata kwa mstari mmoja. Unaandika ombi la kurasa chache, na mtu anarudishiwa miaka ya maisha yake.

Huulizwa mara kwa mara ninawezaje kumtetea muuaji. Ninatetea haki yake ya kupewa adhabu inayomfaa yeye, kwa alilolifanya yeye. Atakayeona hilo ni kuwadharau waliofiwa, aje mahakamani siku moja awasikilize wenyewe.

Kinachoniuma ni waliobaki nje ya mlango huu. Mnamo Julai 2021 mahakama ile ile ilieleza kwamba uamuzi wake wa 2017 unahusu mauaji peke yake. Wizi wa mabavu bado adhabu yake kisheria ni kifo, na kisheria inatosha mtu kuiba kwa nguvu akiwa na mwenzake mmoja. Simu tu inaweza kumfikisha huko. Kesi hizo husikilizwa na mahakimu, na wengi wa washtakiwa hawana wakili. Kijana asiyejua kuhoji shahidi anapambana peke yake na mwendesha mashtaka, ilhali Kifungu cha 50 cha Katiba kinaahidi wakili wa kugharimiwa na serikali pale ambapo bila yeye kutakuwa na dhuluma kubwa, na sheria ya msaada wa kisheria ipo tangu 2016.

Mawakili vijana huniuliza waanzie wapi. Nawaambia: chukueni rufaa za wizi wa mabavu. Malipo ni madogo na huchelewa. Ombeni mwenendo wote wa kesi, msome majibu ya mshtakiwa siku ya kwanza na lugha aliyosomewa mashtaka, kisha nendeni gerezani mkamwulize aliielewa au hakuielewa.