Kevin ni Binti

Mhasibu wa shule ninakofundisha Kiswahili, pembeni kidogo ya Kampala, ana kazi yake ya kila mwanzo wa mwaka. Fomu za watoto wapya wa chekechea zikifika mezani huzipitia harakaharaka, na baadhi yake huzikunja kona ya juu, kidogo tu, kama mtu anayetia alama kwenye msahafu. Siku moja nikamuuliza, mama, hiyo mikunjo ni ya nini?

"Hao karo yao itakuja vipandevipande."

"Umejuaje, na wazazi hujawaona?"

"Kwa majina, mwalimu. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Brayden, imekunjwa. Shantel, imekunjwa. Gift, imekunjwa. Kirabo, imeachwa. Suubi, imeachwa. Kevin, imekunjwa, na mahali pa jinsia mtu ameandika kwa mkono mzito: msichana.

Nilicheka, kisha nikaona haya, maana wiki iliyofuata darasani nilijikuta nimeshamngojea Brayden awe mtundu na Kirabo aje na kalamu za rangi. Tena zile fomu mbili, ya Gift na ya Kirabo, ndizo zilizonikaa kichwani. Kirabo kwa Kiganda ni zawadi. Gift kwa Kiingereza ni zawadi. Neno ni lilelile, aliyelisoma ni mtu yuleyule, na bado mtoto mmoja kaonekana wa mtu wa benki na mwenzake wa mtu wa kibanda cha chipsi.

Tabia hii haikuzaliwa kwetu. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, kiliwauliza walimu wa shule za msingi wanafikiria nini wakisikia majina ya wanafunzi. Charlotte, Sophie, Maximilian na Alexander walipewa adabu na akili kabla hawajafungua daftari. Kevin, Justin na Chantal wakaangukia upande wa watukutu na wazito wa masomo. Mwalimu mmoja aliandika kwamba Kevin si jina, ni majibu ya daktari, na Wajerumani wanairudia kauli hiyo hadi leo. Kwao Kevin ni mtoto wa wazazi wasio na kitu, waliookota jina kwenye sinema.

Kevin wetu hana habari na sinema. Uganda ukimsikia Kevin, subiri kwanza umwone, kwa sababu wengi ni wanawake, na wengine huandikwa Kevina. Mtakatifu mwenyewe alikuwa mtawa wa Ireland, na sikukuu yake ni Juni 3, siku ileile watu wanapomiminika Namugongo, karibu na Kampala, kuwakumbuka mashahidi wa dini wa Uganda. Mtoto wa Kikatoliki akizaliwa tarehe hiyo, nyumba ina uhuru wa kuchagua: Karoli, Kizito au Kevin. Jina ambalo Ujerumani linanuka umaskini, kwa bibi fulani wa Masaka linanukia ubani.

Hata hivyo mhasibu hakulikunja bure, na ili kumwelewa lazima turudi nyuma kidogo. Wamisionari Waanglikana waliingia Buganda 1877, Wakatoliki wakafuata 1879, na haikuchukua muda jina likawa sare ya kuvaliwa. Yohana wa Waprotestanti aliandikwa Yokana, wa Wakatoliki Yowana. Herufi hiyo moja ilitosha kukuambia mtu anasali kilima gani, Namirembe kwa Waanglikana au Rubaga kwa Wakatoliki. Shule nazo zilikuwa za misheni, kwa hiyo jina la dini likawa tiketi. Asiyekuwa nalo mara nyingi alibaki nje, na wapo watoto wa Kiislamu walioingia na jina moja wakatoka na jingine. Mzee aliyempeleka mwanawe akabatizwe Erinesiti, yaani Ernest, tunamcheka leo, lakini yeye alikuwa ananunua tiketi ya basi lililokuwa linaondoka kweli.

Na tiketi hizi huisha muda. Baba yangu mdogo alizaliwa Bombo akaitwa Ramadhani. Enzi za Idi Amin, Rais aliyekuwa Mwislamu, tangu 1971, jina hilo lilimfungulia hata milango ambayo hakubisha hodi. Aprili 1979 Kampala ilipoanguka na Amin akaondolewa, jina lilelile likawa kesi. Akahamia Jinja, akapata kazi gereji, akajiita Raymond. Dini hakubadili, alikuwa anaswali chumbani, mlango umefungwa, redio imefunguliwa. Mambo yalipotulia akarudia Ramadhani yake, ila wateja wa zamani wanamwita Remo mpaka kesho, naye anaitika. Mtu mmoja, mikono ileile yenye grisi, katika miaka isiyofika kumi na tano ameonwa mkubwa, kisha adui, kisha fundi wa kawaida anayejua injini za dizeli. Kilichokuwa kinabadilika ni masikio ya watu.

Sasa basi limegeuza tena. Wajukuu wa Erinesiti wamesoma, wengine wamekaa London, na wakipata watoto hawahangaiki na Ernest. Wanaita kwa Kiganda, Kirabo, Suubi, Mirembe, Tendo, au kama ni wa magharibi ya Uganda, Ninsiima, na jina hilo ndilo linalotangulia. La ubatizo, kama lipo, limefichwa nyuma kama nguo ya ndani. Wanaweza, kwa sababu hakuna atakayewadhania ushamba: Kiingereza chao kimeshawatangulia mlangoni. Kijana wa Bwaise, mtaa wa maskini hapa Kampala, ambaye Kiingereza chake kiliishia darasa la saba, hana anasa hiyo. Kwa hesabu zake jina la kizungu bado ndiyo tiketi, naye anampa mwanawe ile mpya kabisa aliyoisikia, Brayden. Hesabu hakukosea. Habari zilichelewa kumfikia. Basi ninavyoona, jina la kwanza la mtoto wa Kampala halipimi mfuko wa baba yake. Linapima amechelewa kiasi gani kusikia wenye nacho wamehamia wapi. Na wenye nacho huhama kila mara wakiona wamefikiwa.

(Jambo la kuchekesha ni kwamba Kanisa lenyewe liliwahi kulivunja sharti hili la jina la kigeni. Mashahidi walipotangazwa watakatifu mwaka 1964, majina ya Kiganda kama Kizito, Lwanga na Mulumba yakawa ya ubatizo kwa siku moja. Leo unamkuta Kizito Mkenya, na hana habari kwamba jina lake halikutoka Roma.)

Lakini hao wanaosema jina ni sauti tu, tusilisome kabisa, nao siwaelewi. Nadhani hawajawahi kukaa Uganda. Majina yetu yalitungwa yasomwe. Ukiitwa Wasswa au Kato nimeshajua mlizaliwa pacha, na Kizza amewafuata. Opio na Ocen kwa Walango ni habari hiyohiyo. Kule Busia, mpakani na Kenya, ambako Kiswahili ndicho tunachonunulia nyanya, kuna Wafula wa msimu wa mvua, na kuna Wanjala, ambaye hata asiyejua Kisamia ataisikia njaa imekaa humo ndani. Mwacholi anaitwa Ocan kwa kuwa alizaliwa nyumba ikiwa na dhiki, au Komakech, mimi sina bahati. Walugbara wana Candiru, jina lililotoka kwenye neno la shida.

Hapo ndipo ninaposimama muda mrefu nikifikiri. Ocan ametangaziwa umaskini wake siku ya kwanza, kwa sauti, na kijiji hakikumdharau, kwani nani hakuwa na mwaka wa namna hiyo? Anakua, anakuwa daktari, bado ni Ocan. Brayden alipewa jina makusudi ili umaskini usionekane, na ndiye anayekamatwa nao. Tatizo basi si kwamba jina linasema hali ya nyumba. Majina yetu yamekuwa yakisema hivyo tangu zamani. Tatizo ni pale linaposomwa na mtu mwenye kalamu, asiyeijua nyumba hiyo wala hana mpango wa kuijua.

Watooro na Wanyoro wana dawa yao, nusu dawa. Kila mtu hupewa empaako, moja kati ya majina yasiyozidi dazeni: Amooti, Abwoli, Akiiki, Araali na mengine. Waziri ni Amooti, na anayemfulia ni Amooti. Kwa jina hilo humpati mtu tabaka lake hata ukeshe, isipokuwa Okaali, ambalo ni la mfalme. UNESCO iliiandika desturi hiyo mwaka 2013 kwenye orodha ya zile zinazohitaji kuokolewa haraka, na mimi sishangai kwamba iko hatarini, kwani mjini kitu kinachowafanya watu walingane hakina soko.

Nirudi kwa mhasibu, kwa sababu nilimtafuta siku nyingine nikamwambia haya. Hakukasirika. "Mwalimu," akasema, "wewe unafundisha ngeli. Mimi ndiye ninayejua unga wa posho utaisha lini. Nikidhani wote watalipa mwezi wa kwanza, mwezi wa pili mtakula maharage bila mafuta, na mshahara wako utangoja. Lazima nikisie. Nikisie kwa nini sasa, kwa viatu?" Ana haki yake hapo. Mtu asiye na taarifa hushika kile kilichopo, na kwenye fomu kilichopo ni jina. Akadai pia kwamba hukosea mara chache.

Hili la mwisho ndilo lililonifanya niombe daftari la malipo. Kirabo alimaliza karo wiki ya nane. Hakuna aliyemuuliza, wala mhasibu hakukumbuka. Gift alimaliza wiki ya sita, lakini wiki ya tatu alikuwa ameshaitwa mbele ya wenzake na kurudishwa nyumbani na karatasi mkononi, kwa kuwa wenye kona zilizokunjwa ndio wanaofuatiliwa kwanza. Ukimfuatilia mmoja tu, ni yeye tu utakayemkuta na deni. Hivyo mhasibu hukosea mara chache kwa sababu hajawahi kuangalia upande wa pili.

Wataalamu nao wamegawanyika kwa namna inayofanana na hii. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio lao: maombi ya kazi karibu 5,000 yaliyotumwa Boston na Chicago, sifa zikiwa sawa, majina yakitofautiana. Wenye majina yanayosikika ya Wazungu, kama Emily na Greg, waliitwa mara moja kwa kila maombi 10 hivi. Wenye majina yanayosikika ya Wamarekani weusi, kama Lakisha na Jamal, ilibidi watume kama 15. Mwaka huohuo Roland Fryer na Steven Levitt, wakitumia kumbukumbu za vizazi za California, wakaona kwamba ukishaingiza kwenye hesabu hali ya nyumba alikozaliwa mtoto, jina lenyewe haliharibu maisha yake ya ukubwani. Wengi huchagua utafiti mmoja na kuuficha wa pili. Mimi nauona kama mlango na safari. Mlangoni jina linakuzuia, hilo halina ubishi. Safarini kinachokuchosha ni nyumba ulikotoka, na jina limebeba lawama ya nyumba. Ukimwambia yule kijana wa Bwaise asiite Brayden, aite Tendo, humpunguzii kodi ya chumba hata shilingi.

Kwa hiyo ushauri wa kwamba maskini "wachague majina vizuri" naukataa, ingawa unatolewa kwa huruma. Naukubali zaidi ule wa kuondoa majina mezani pale ambapo hayana kazi: kwenye maombi ya kazi hatua ya kwanza, kwenye orodha ya wanaodaiwa, kwenye karatasi ninazosahihisha mimi mwenyewe. Na kwetu kuna sababu nzito kuliko tabaka. Jina la pili hutaja kabila. Mjini, tangu Museveni, mtu wa magharibi, ashike serikali 1986, ukiitwa Tumusiime, jina la huko, watu watadhani una mjomba Ikulu, hata kama mjomba wako anauza maziwa Kawempe. Ukiitwa Opio, jina la kaskazini, watadhani baba alikuwa askari. Masihara ya tabaka kwenye Brayden ni chipukizi tu la mti huo, na sitaufungua wote leo.

Kuhusu Kevin, mhasibu alikuwa amepatia. Baba yake ni fundi wa vyuma Katwe, anachomelea mageti, na karo ilikuja vipande vitatu, cha mwisho kikiwa noti za elfu mojamoja zenye harufu ya moshi. Nilimuuliza jina lilitoka wapi, akanieleza kama nilivyokisia: Juni 3, bibi alikuwa Namugongo, padri akatazama kalenda. Hapakuwa na umaskini wala utajiri humo.

Mwaka huu ameleta wa pili. Chumba ni kilekile, kazi ni ileile, na kwa maneno yake mwenyewe mageti yamepungua. Ila kuna mteja mmoja wa Muyenga, mtaa wa wenye nacho, aliyemwekea geti, kazi ya wiki mbili, na kila jioni alikuwa akisikia mama wa nyumba akimwita bintiye ndani: Tendo! Tendo! Jina likampendeza.

Fomu ilipofika, mhasibu alisoma jina, akaiweka upande wa zisizokunjwa, akachukua inayofuata.