Waya wa klachi haukatiki wenyewe

Ukikaa nusu saa kwenye banda lolote la fundi pikipiki utaisikia: "Waya umekatika huu, kanunue mwingine." Mteja anavuka barabara, anarudi na waya mpya, dakika kumi umefungwa, kalipa, kaondoka. Mwezi wa pili karudi. Umekatika palepale ulipokatika ule wa kwanza. Fundi anatikisa kichwa: spea za siku hizi feki, kaka. Na kaka anakubali.

Mimi nilikubali hivyohivyo mpaka nilipomaliza nyaya tatu kwa msimu mmoja wa mvua. Pikipiki yangu ni Yamaha AG100. Waliokulia vijijini wanaijua kwa sura hata kama jina hawalijui: ile ya bwana shamba, yenye keria mbele na nyuma na mnyororo uliofunikwa wote. Hizo herufi AG zenyewe zimetoka kwenye neno la Kiingereza la kilimo. Injini ni ya cc 97, tustroki, yaani ile inayochoma oili pamoja na petroli, moshi wa bluu na mlio wa nyuki. Niliichukua mnadani ikiwa imechoka, na sijutii.

Waya wa tatu ulikatika nikiwa nimeshaanza kupanda Kitonga, lori la mbao likinihemea mgongoni. Mkono wa klachi ukalegea ghafla, nikabana hewa. Nashukuru gia ilikuwa imeshaingia. Nilipanda mlima wote bila klachi: ukitaka kubadili gia unarudisha resi kidogo, na mguu unasukuma pale injini inapokuwa haivuti wala haivutwi. Inawezekana kabisa. Shida ni kusimama. Kule juu nilizima nipumue, na kuondoka tena ilibidi niiwashe ikiwa huru, niikimbize kwa miguu, kisha niigongee gia ya kwanza inatembea. Wauza nyanya wa Ilula walipata cha kucheka siku ile.

Jioni nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya kwa zile mbili za mwanzo. Badala ya kutupa vipande, niliviangalia kwenye mwanga. Nyuzi hazikuwa zimevutwa zikakatika. Zilikuwa zimevunjika mojamoja, milimita chache tu kutoka kichwani, kama waya wa kufungia nondo unapoukunja huku na huku hadi ukachoka. Kichwa, yaani kile kipipa kidogo kinachokaa kwenye tundu la mkono wa klachi, kinatakiwa kizunguke ndani ya tundu kila unapobana. Changu kilikuwa hakizunguki. Tundu limejaa vumbi na grisi iliyokauka kama saruji, halafu lenyewe limelika hadi likawa na umbo la yai. Kichwa kikiganda, kinachopinda ni waya. Na wewe hesabu, kwenye foleni ya mjini unabana klachi mara ngapi.

Basi ugomvi wangu na mafundi wetu uko hapo. Anayebadilisha waya bila kugusa tundu ameuza waya, hajatengeneza pikipiki. Mahali ulipokatikia panasema. Kando ya mkono wa klachi, kichwa kimeganda. Chini kwenye injini, mara nyingi maji yameingia kwa juu yakatulia huko yakaleta kutu. Katikati, ganda, yaani lile bomba la nje linalofunika waya, limepondwa au limepitishwa vibaya, hasa kwa wale vijana waliofunga hendo ndefu ya urembo na kuacha nyaya zilezile fupi, sasa zinakata kona kali kama mtu aliyevutwa sikio. Feki zipo, sikatai. Lakini hata waya halisi ukiufunga kwenye tundu bovu utakufa kifo kilekile.

Ganda ndilo linalosahaulika kuliko vyote. Mfumo huu ni wa zamani: Ernest Monnington Bowden, mzaliwa wa Ireland, aliupatia hataza Uingereza mwaka 1896, na mpaka leo watu humchanganya na Frank Bowden, yule wa baiskeli za Raleigh. Na kinachochekesha ni kwamba zile Raleigh za babu zetu hazikuwa na waya wa breki hata mmoja, zilikuwa na fito za chuma toka hendo hadi kwenye ringi. Fito haiwezi kupita kona ikasalimika. Waya unaweza, kwa sababu ganda limesokotwa kama springi iliyobanana: wa ndani unavuta, ganda linasukuma upande wa pili kwa nguvu ileile. Ganda likilegea au likipinda, sehemu ya nguvu ya vidole vyako inaishia kulinyoosha ganda badala ya kufungua klachi. Unasema klachi nzito. Fundi anakwambia sahani za klachi zimekwisha, anafungua injini.

Sasa ninavyofanya mimi. Ganda likiwa zima, namwaga petroli ndani mpaka itoke safi, nalining'iniza likauke, nabadilisha waya wa ndani tu. Kichwa cha zamani nakitoa kwa kuyeyusha risasi ya kulehemia iliyokishika, nakitumia tena, maana kinaingia kwenye tundu lake kuliko vichwa vingi vya dukani. Hapa nilipoteza muda mwingi kwa fundi redio. Risasi yake ni ya saketi, na sabuni yake ya kulehemia ni utomvu mpole ambao hauifanyi risasi ishike kwenye chuma cha waya. Aliyenifundisha ni mzee mmoja anayetengeneza vibatari kwa makopo. Yeye ana tindikali yake ya kulehemia bati kwenye chupa, brashi ya unyoya wa kuku, na jiko la mkaa. Alinionyesha kwanza kupaka risasi mahali nitakapokata, ndipo nikate, ili nyuzi zisifumuke. Halafu unapitisha waya kwenye kichwa, unazifumua ncha zake zikae kama ua ndani ya lile bonde la kichwa, tindikali, kisha unazamisha kwenye risasi iliyoyeyuka na kutoa. Nyuzi zikifumuliwa, hata risasi ikitaka kuteleza ua halipiti kwenye tundu. Waya uliopigwa risasi ukiwa umenyooka tu, siku moja utachomoka.

Usichome na gesi mpaka waya ugeuke rangi. Chuma kikipata moto mkali kinapoteza ugumu wake, na utakuwa umetengeneza mwenyewe mahali pa kukatikia. Ukimaliza osha na maji ya sabuni au magadi, kwa kuwa ile tindikali ikibaki inaendelea kula waya kimyakimya. Na waya wa stenlesi achana nao kama huna tindikali yake, risasi ya kawaida inaukimbia kama maji kwenye jani la mgomba.

Ah, na kabla ya kulehemu kichwa cha pili hakikisha umeshavalisha ganda, kofia ya mpira na nati ya kurekebishia. Nimelisahau hilo mara mbili. Ya pili yule mzee hakuniuliza kitu, alirudisha tu risasi jikoni.

Kuhusu oili nina msimamo mkali: grisi isiingie ndani ya ganda. Inakusanya vumbi, inageuka msasa. Oili ya cherehani inatosha. Zamani tulikata kona ya mfuko wa plastiki, tukaufunga juu ya ganda kama faneli na kuacha oili ishuke usiku kucha. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania toka Juni 2019, kwa hiyo natumia kipande cha tyubu ya baiskeli, na kwa kweli kinashika vizuri zaidi. Asubuhi oili ikidondoka chini, kazi imekwisha. Nyaya za kisasa zenye bomba la plastiki ndani hazihitaji ibada hii. Tyubu ileile inakatwa tena kuwa kofia ya kuziba juu maji yasiingie.

Tundu lililolika nililitoboa likawa la duara, nikaingiza kipande cha bomba la shaba. Kazi ya saa moja. Waya ninaotumia sasa ni wa mwaka wa tatu.

Lakini kuna nyaya mbili siwezi kuzilehemu nyumbani hata kwa mkono wa mzee wa vibatari. Wa breki ya mbele ni mmoja, na sidhani unahitaji maelezo. Huo nanunua mpya, tena nauvuta kwa nguvu zangu zote kabla sijatoka uani.

Wa pili wengi hawajui hata kama upo. Tustroki hizi za Yamaha zina pampu inayochukua oili kwenye tangi lake, na waya wa resi unagawanyika njiani: tawi moja linakwenda kwenye kabureta, jingine kwenye pampu. Ukivuta resi, petroli inaongezeka na oili inaongezeka. Lile tawi la pampu likikatika, pikipiki haikwambii kitu. Inawaka, inakimbia, hata moshi unapungua na unaona kama imepona. Huku pistoni inakauka, mpaka ije ing'ang'anie kwenye silinda. Kuna fundi aliwahi kunifungia waya mpya wa resi akauacha mlegevu upande wa pampu, kwa kuwa kwenye kabureta ulikaa sawa. Niliugundua kwa sababu tangi la oili lilikuwa halishuki kama zamani.

Tangu hapo kila nikigusa waya wa resi nafungua na kile kifuniko cha pampu kilichojaa matope, naangalia alama ya kwenye puli imekaa mkabala na pini yake, resi ikiwa pale kitabu cha pikipiki kinaposema. Waya wa akiba wa klachi nimeupitisha kabisa sambamba na unaofanya kazi, nimeufunga kwa selotepu na kuziba ncha zote mbili. Ukikatika Kitonga, nahamisha vichwa tu. Wa resi ninao chini ya kiti.