Namba 7 Yako Si Namba 7 Yangu

Kwenye kila shimo la par 3, yaani la kumalizwa kwa mapigo matatu, kuna swali moja halikosi kuulizwa kabla hata mpira haujatua: "Umepiga na namba ngapi?" Fimbo za gofu za chuma zina namba, na kwa kawaida namba ikiwa kubwa mpira unakwenda karibu. Kwa hiyo ukijibu 9, wenzako wanaguna kwa heshima: umefika kwa fimbo ya karibu. Ukijibu 6, kimya kinatanda, mtu mmoja anakohoa kidogo, safari ya kwenda grini, kwenye nyasi fupi zenye shimo na bendera, inaendelea. Nimecheza gofu ya ridhaa miaka kumi na moja sasa, mingi hapa hapa Dar, na swali hilo nimelijibu kwa majivuno na kwa aibu, kwa zamu. Siku hizi naliona kama kumuuliza mtu anavaa kiatu namba ngapi bila kujua ni namba za Uingereza au za Ulaya. Waliowahi kununua viatu vya mtumba wananielewa.

Aliyenifungua macho ni kedi. Mtu mzima, amebeba mikoba ya watu tangu kabla sijajua gofu ni nini. Mwaka juzi nilinunua seti ya vyuma iliyotumika, ya kisasa, vichwa vinene vinang'aa, na wiki ya kwanza tu namba 7 yangu ikaongeza karibu yadi 15. Nikaanza kutembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Mzee yule alinivumilia mashimo manne. Kwenye la tano akachukua namba 7 yangu, akachomoa namba 6 kwenye mkoba wa mwenzangu anayetumia bledi za zamani, vyuma vyenye vichwa vyembamba, akaviweka vichwa viwili juu ya nyasi, ubavu kwa ubavu.

"Bosi, hebu njoo uangalie."

Nikainama. Uso wa 7 yangu ulikuwa umesimama wima kuliko ule wa 6.

"Nguvu hujaongeza," akasema. "Umebadilishiwa namba tu."

Niliudhika, maana hela ilishatoka. Lakini usiku ule nilikaa na simu yangu nikisoma vipimo vya vyuma hadi mke wangu akauliza kama kuna msiba.

Uso wa kila chuma umelazwa nyuma kidogo. Kiasi cha kulala huko ndicho wachezaji wanakiita lofti, na kinapimwa kwa digrii. Ukilaza uso zaidi, mpira unapanda juu, unazunguka sana kinyumenyume na unakwenda karibu. Ukiusimamisha, kichwa kinaugonga mpira moja kwa moja zaidi badala ya kuuparua kutoka chini: mpira unatoka kwa kasi kubwa, chini zaidi, bila mzunguko mwingi. Hayo ndiyo yanayoleta yadi. Namba iliyochongwa kwenye soli ya chuma haifanyi kazi yoyote, na wala hakuna anayeisimamia. Sheria za R&A na USGA, vyombo viwili vinavyotunga sheria za gofu, zinahangaika na kipenyo cha mpira (kisipungue milimita 42.67), uzito wake (usizidi gramu 45.93), idadi ya fimbo mkobani (zisizidi 14), hata umbo la vile vifereji kwenye uso wa chuma. Lakini hutakuta kifungu kinachosema namba 7 iwe digrii ngapi. Kiwanda kikitaka kuchonga 7 kwenye chuma ambacho jana kiliitwa 5, ni hiari yake.

Chukua seti mbili zinazojulikana. Titleist 620 MB ni bledi, vyuma vyembamba vya watu wenye mikono hasa. Namba 7 yake ina digrii 35. Ping G430 zimetengenezwa kwa ajili yetu sisi wa Jumamosi. Namba 7 yake ina digrii 29. Ukiipeleka hiyo 29 kwenye seti ya bledi, inakaa kati ya namba 5, yenye 27, na namba 6, yenye 31. Kwenye weji, vyuma vya mapigo ya karibu vinavyofuata baada ya namba 9, mambo ni yale yale: pichingi weji ya G430 ina digrii 41, wakati namba 9 ya 620 MB ina 43. Weji ya huyu ni kali kuliko namba 9 ya yule! Kampuni zote mbili zimechapisha digrii hizo wazi kabisa, hawakuficha kitu. Sisi ndio hatusomi. Tunasoma namba tunayoipenda.

Kama bado una shaka kwamba lofti ndiyo mwenye nyumba, mtazame Bryson DeChambeau, bingwa wa US Open wa mwaka 2020. Vyuma vyake vyote alivikata kwa urefu mmoja, kama inchi 37 na nusu. Kwa kawaida chuma cha namba ndogo huwa kirefu, na urefu unaongeza kasi kidogo. Yeye ameuondoa urefu kwenye hesabu, na bado vyuma vyake vinapishana umbali kwa sababu uso wa kila kimoja umelala tofauti.

Niwatendee haki watengenezaji, maana hadithi yao si ya kitapeli kama nilivyodhani usiku ule. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi General Electric huko Marekani kabla ya kuanzisha Ping, alijenga jina lake juu ya wazo moja zuri: uondoe uzito katikati ya kichwa, uupeleke pembezoni. Kichwa cha namna hiyo hakipindiki ovyo mkononi mpira ukiguswa kwenye ncha au karibu na mpini. Vyuma vyake vya Eye2 vya mwaka 1982 vilienea kila mahali. Waliofuata wakaendeleza: uso mwembamba unaobonyea kidogo na kurudi, tumbo la kichwa tupu ndani, vipande vya tangsteni, madini yenye uzito zaidi ya mara mbili ya chuma cha pua, vikiwekwa chini kabisa ya kichwa. Uzito ukishuka chini na kurudi nyuma, mpira unapaa wenyewe. Unapaa mno, kwa kweli. Basi wakausimamisha uso ili kuushusha, na yadi zikaja kama nyongeza. Hoja yao ndiyo hiyo, na kwa mtu mwenye kasi inasimama vizuri.

Tatizo ni sisi tusio na kasi.

Siku moja nilikubali kupimwa kwa mashine ya rada, zile za kuwekwa nyuma ya mpira. Kabla ya kukupa aibu yangu, nikupe kwanza za wakubwa. Jedwali la wastani la TrackMan, watengenezaji wa mashine hizo, lililozunguka sana miaka ya 2010 linaonyesha kwamba mchezaji wa PGA Tour, ligi ya wanaume wa kulipwa ya Marekani, akipiga namba 7, kichwa cha fimbo kinapita kwa maili 90 kwa saa, mpira unatoka kwa 120, unaruka yadi 172 kabla ya kugusa ardhi. Wanawake wa LPGA, ligi yao ya kulipwa: kichwa 76, mpira 104, yadi 141. Tofauti ya maili 14 imezaa yadi 31, yaani kila maili moja ya kasi ni yadi 2 na ushee. Hakuna chuma dukani kitakachokupa hesabu hiyo.

Kichwa cha fimbo yangu kikapata 75. Yaani nyuma kidogo ya akina dada wa LPGA. Hilo nilikubali kwa moyo mkunjufu, nina tumbo na nina kazi ya mezani. Kilichoniuma ni mstari wa pili: mpira wangu ulitoka kwa 94, ukaruka yadi 125. Mwanamke wa LPGA na mimi tunazungusha fimbo karibu kwa kasi moja, yeye anapata yadi 16 zaidi, na mimi ndiye ninayetumia chuma cha "umbali". Gawanya kasi ya mpira kwa kasi ya kichwa: yeye 1.37, mimi 1.25. Siyo misuli. Yeye anaugonga mpira katikati ya uso kila siku ya Mungu. Mimi naugonga katikati Jumatatu, kwenye ncha Jumatano, na siku nyingine nagonga Tanzania kwanza ndipo mpira.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini zile yadi 15 za wiki ya kwanza zilianza kunigharimu. Mpira unaopigwa taratibu unahitaji lofti na mzunguko ili ukae hewani. Ukimsimamishia uso mtu wa kasi ndogo, mpira unatoka chini, unaanguka kwa mshazari, na ukitua unakimbia. Namba 7 ya wale wa PGA inashuka kwa pembe ya digrii kama 50, karibu inaanguka kutoka dirishani. Yangu inatua kama ndege inayotafuta njia ya kurukia. Wakati wa kiangazi, grini zikiwa ngumu kama sakafu, nikipita juu ya banka, lile shimo la mchanga, mpira hausimami. Nauona ukivuka bendera, ukivuka grini, ukienda kusalimiana na miti. Umbali ninao. Kusimama ndiko sina, na gofu ni mchezo wa kusimamisha mpira mahali.

Juu ya mkoba, kwenye vyuma virefu vya namba ndogo, ni kubaya zaidi. Namba 4 ya seti hizi za kisasa inafika digrii 19, wakati namba 3 ya zile bledi ina 21. Lee Trevino, ambaye radi ilimpiga kweli uwanjani mwaka 1975, alipenda kutania kwamba ukikutwa na radi uinue chuma namba 1 juu, maana hata Mungu hawezi kukipiga. Sasa chuma ambacho ni jamaa yake wa karibu kimerudi kwa jina jipya, tumeuziwa sisi wachezaji wa kawaida wenye handikapu 20, na kimeandikwa 4. Kwangu mimi namba 4, 5 na 6 zilikuwa zinafika mahali pamoja. Fimbo tatu, nauli tatu, kituo kimoja. Mbili nimeziuza, nikaweka haibridi moja, fimbo yenye kichwa kipana inayochukua nafasi ya chuma kirefu, na sijazikumbuka hata siku moja.

Chini nako, kwenye fimbo za karibu, kukabaki pengo. Pichingi weji yangu mpya ina digrii 42, weji ya mchanga niliyokuwa nayo ina 56. Digrii 14 katikati, hakuna kitu. Nikiwa yadi 75 nilikuwa sina fimbo, nabana swingi nusu, naharibu. Nikarudi dukani kununua weji ya kuziba pengo. Ukitaka kujua biashara ya vyuma ilivyo tamu, ni hapo: yadi walizokupa juu, wanakuuzia dawa yake chini.

Kuna mambo mengine tunayoyapa sifa au lawama bure. Watu wa Dar tunapenda kusema hewa yetu ni nzito, ina unyevu, inakamata mpira. Nilisema hivyo miaka mingi. Kumbe mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo hewa yenye unyevu, joto likiwa lile lile, ni nyepesi kidogo. Kinachotukamata ni kuwa usawa wa bahari, pamoja na upepo wa mchana. Nenda Nairobi, kwenye viwanja kama Muthaiga vilivyo kama mita 1,700 juu, hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 15, na mpira unapata kama asilimia 6 ya umbali. Yadi 150 za Dar zinakuwa 159. Niliwahi kurudi kutoka huko nikiamini nimebadilisha swingi. Shimo la pili tu nyumbani likanirudisha kwenye kiti changu.

Ndiyo maana nasema: kabla ya kununua, muulize muuzaji digrii, si namba. Pima kasi yako mara moja, kwa mashine yoyote, hata ya kuazima. Kama namba 7 yako iko chini ya maili 80, mtu akikusifia chuma chenye uso uliosimama zaidi, muulize mpira utapanda kiasi gani na utatua vipi. Akianza kukwepa swali, bakiza pesa yako mfukoni. Na kama unazo za kutosha seti mpya, sehemu yake mpe mwalimu. Miezi minne ya kujifunza kugonga katikati imeitoa kasi ya mpira wangu kutoka 94 hadi 98 bila kuongeza kasi ya fimbo hata maili moja. Yule mzee kedi anadai ni yeye aliyenifundisha, na simbishii.

Seti yangu bado ninayo. Vyuma si vibaya, vinanisamehe makosa mengi. Ila nimechukua vipande vya plasta nyeupe, nikafunika namba na kuandika digrii kwa kalamu ya wino. Jumamosi iliyopita kwenye par 3 mpira wangu ulitua mita mbili kutoka kwenye bendera, nisijue ulisimamaje. Rafiki yangu, kama kawaida, akauliza nimepiga na ngapi.

"Thelathini na tatu," nikamwambia.

Akaniangalia. Kisha akachomoa chuma chake, akakigeuza huku na huku akitafuta ilipoandikwa.