Skeni ya mishipa ya kondo: ya kila mjamzito?

Kuanzia Likoni hadi Kisauni, Mombasa, kina mama wakizungumzia mimba zilizoharibika, swali hili hurudi: mbona skeni ya Doppler, inayoonyesha damu inavyopita kwenye kitovu na kondo la nyuma, asifanyiwe kila mjamzito?

Wanaoidai hawabahatishi. Katika nusu ya kwanza ya mimba, chembe za kondo huingia kwenye mishipa ya mji wa mimba na kuipanua. Ikibaki myembamba, mtoto huweza kudumaa, au hata kufia tumboni, na mama huweza kupanda presha hadi kupata kifafa cha mimba. Kuna na hitilafu adimu zaidi: mishipa ya mtoto hupita mbele ya mlango wa kizazi bila kinga. Chupa ya uzazi ikipasuka, mishipa hiyo nayo huweza kupasuka, na damu yote ya mtoto wa kilo 3 ni kama robo lita tu. Ikigunduliwa mapema, mama hupangiwa upasuaji kabla ya uchungu, na watoto walio wengi huokoka.

Ila tafiti zimeonyesha Doppler hupunguza vifo vya watoto pale mimba ina hatari, mathalani presha au mtoto asiyekua vizuri. Kwa mimba isiyo na shida, faida haijaonekana. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza skeni moja ya kawaida kabla ya wiki 24, si Doppler kwa wote. Halafu kuna hofu. Mkunga akiitazama ncha ya kitovu kilichokatwa huona vitundu 3: ateri 2 na vena 1. Wachache huwa na ateri moja, na wengi wao, kama hakuna kasoro nyingine, huzaliwa wazima. Skeni ikiiona ateri hiyo moja, mwambie mama wiki ya 20 uone kama atalala!

Mimi naegemea huku. Pesa zianzie kwenye mashine za presha, vipimo vya mkojo na aspirini ya miligramu 75 kwa walio hatarini kupanda presha, kabla ya wiki ya 20. Lakini hayo hayataiona mishipa iliyokaa mlangoni. Basi ile skeni moja itazame pia kitovu kimejishika wapi kwenye kondo, na ripoti iandike hivyo. Wengi wetu huishia kuuliza ni wa kiume au wa kike. Na anayeanza kliniki mimba ikiwa ya miezi sita? Muda bora wa kuanza aspirini umeshampita, na pengine hata wa hiyo skeni.