Jina ni Uhuru, kalamu iko kwa nani?

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano baharini Ngomeni, hapa kaskazini mwa Malindi, ikiwa na setilaiti ya Marekani. Wakaiita Uhuru. Jina letu, vyombo vyao. Naikumbuka kila nikisikia watu wakibishana kuhusu vikwazo na programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, maana "huria" na "uhuru" ni ukoo mmoja.

Ubishi ulichacha Oktoba 2024, Greg Kroah-Hartman, mmoja wa viongozi wa Linux, mfumo huria unaoendesha kompyuta, alipofuta majina ya Warusi kadhaa kwenye orodha ya wasimamizi wa kiini chake. Maelezo hayakuzidi sentensi mbili: ni matakwa ya sheria, na wanaweza kurudi wakileta hati za kutosha. Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, alimuunga mkono, akikumbusha kwamba yeye ni Mfini, mtu wa nchi iliyopakana na Urusi. Baadaye ndipo ikafafanuliwa kwamba shida ni waajiri wao walio kwenye orodha ya vikwazo ya Marekani.

Kijana anayetia Linux kwenye laptopu kuukuu hapa mjini aliniuliza, "Ami, sasa watatuzimia na sisi?" La. Msimbo ukishaupata ni wako: uutumie, uubadili, uugawe. Hata Warusi hao hawakunyang'anywa hilo. Walichopoteza ni kalamu, yaani nafasi ya usimamizi kwenye mradi wenyewe, na hakuna leseni inayomwahidi mtu kalamu. Kwa hiyo wanaolia kwamba leseni imevunjwa wamekosea mlango.

Wanaotetea hatua ile nawaelewa. Linux Foundation, shirika linaloubeba mradi huo, liko Marekani, na kuvunja vikwazo huko kunaweza kumfunga mtu jela. Nani amtake mwenzake afungwe kwa ajili ya jina kwenye faili? Ila hoja ya usalama, kwamba Mrusi anaweza kutia hila kwenye msimbo, ambayo wengine huichomeka humo humo, hainiingii. Mlango wa siri uliogunduliwa kwenye xz, programu huria ya kubana faili, Machi 2024 ulitiwa na mtu mwenye jina la bandia, aliyejijengea imani kwa miaka. Mhandisi Andres Freund aliunasa kwa sababu kuingia kwenye mashine kulichelewa nusu sekunde. Pasipoti haikuhusika.

Kinachonikera ni namna. Mwaka 2019 GitHub, tovuti ya Marekani ya kuhifadhi msimbo, iliwafungia watumiaji wa Iran, Syria na Crimea maghala yao ya binafsi, ikalaumiwa sana, na kwa haki. Lakini ilibisha hodi kwa serikali ya Marekani, na Januari 2021 ikatangaza kupata kibali cha kuwahudumia Wairani. Sheria hiyo hiyo, ila kuna aliyehangaika. Mtu aliyerekebisha msimbo kwa miaka anastahili kuambiwa mapema kafutwa kwa nini na arudi vipi, kabla hajajikuta amefutwa.

Wengine husema dawa ni kuhama Marekani. RISC-V, wanaosimamia usanifu huria wa chipu, walihamishia makao Uswisi mwaka 2020. Februari 2022 Uswisi nayo ikajiunga na vikwazo vya Umoja wa Ulaya dhidi ya Urusi.